Nyumba ya Mkulima wa Kilombero: Udongo, Tofali au Jiwe?

Kila masika yakipita na maji ya Kilombero yakirudi mtoni, swali moja huibuka upya Ifakara na vijiji vyake: mkulima ajenge nini? Swali hilo lilipata uzito zaidi baada ya mvua za El Niño za msimu wa 2023/2024, ambazo mnamo Aprili 2024 zilileta mafuriko makubwa katika mabonde ya Kilombero na Rufiji. Wako wanaosema kilichoangusha nyumba ni udongo, hivyo kila mtu ahamie kwenye tofali la kuchoma na bati. Wako wanaojibu kwamba tofali hilohilo ndilo linalomaliza miti milimani na kuzidisha mafuriko. Watu wa afya wanazungumzia mbu, mafundi wanazungumzia saruji, na wazee wanakumbusha kwamba chini ya nyasi palilalika hata Januari. Kila upande una ukweli wake, ila kila mmoja ameshika sehemu yake ya nyumba na kuiita nyumba nzima.

Mkanganyiko huo unaongezwa na namna tunavyopima makazi. Maofisa wa sensa huuliza ukuta umejengwa kwa nini, paa limeezekwa kwa nini, sakafu ni ya nini. Sensa ya 2022 ilikwenda mbali zaidi kwa kuhesabu majengo yenyewe na anwani za makazi. Vipimo hivyo vinafaa kulinganisha mkoa na mkoa. Hata hivyo havionyeshi msingi umeinuka kiasi gani, mwanya ulioachwa juu ya ukuta unaingiza nini, wala familia inalala wapi miezi ya mpunga.

Uchambuzi huu unapima misimamo mikuu inayoshindana kuhusu nyumba ya mkulima wa bonde hili. Hoja yake ni kwamba mabishano juu ya ukuta yamepewa nafasi kubwa kuliko yanavyostahili. Kilombero nyumba hufaulu au hushindwa kwenye msingi, sakafu, paa na matundu yake. Zaidi ya hapo, mkulima wa bonde ana nyumba mbili, na mjadala unaihesabu moja.

## Bonde linadai nini kwa nyumba

Bonde la Kilombero limelala kati ya Milima ya Udzungwa upande wa kaskazini magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini mashariki. Mito mingi, ikiwamo Mnyera, Ruhuji, Mpanga, Kihansi, Mngeta na Lumemo, humwaga maji yake kwenye tambarare isiyo na mteremko wa kutosha kuyaondoa haraka. Mto Kilombero nao huenda kukutana na Luwegu na kuufanya Rufiji. Kufurika ni tabia ya bonde hili. Kinachobadilika mwaka hadi mwaka ni kina cha maji na muda yanaokaa. Karibu kilomita za mraba 8,000 za tambarare hiyo ziliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Mazingira haya yanaitoza nyumba madai manne. La kwanza ni maji, na hayatoki juu peke yake. Mvua hupiga ukuta, mafuriko huufikia kwa ubavu, na unyevu hupanda kutoka ardhini ukiulainisha ukuta kuanzia chini, mahali unapobeba uzito wote. Nyumba nyingi huanza kufa kwenye sentimita 50 za chini za ukuta, paa likiwa bado zima.

La pili ni ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya tambarare ni tope na mfinyanzi vilivyoletwa na mito. Udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukuta mzito uliowekwa juu ya msingi mfupi katika udongo huo hupata nyufa hata pasipo mafuriko.

La tatu ni joto. Ifakara iko chini, ina unyevu mwingi hewani, na usiku wa kiangazi cha kabla ya mvua haupoi upesi. Jengo linalonasa joto la mchana huwatoa watu nje hadi usiku mwingi.

La nne ni wadudu: mchwa wanaokula nguzo na fito, papasi wanaojificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, na mbu. Kuhusu hawa wawili wa mwisho, Ifakara ina historia ndefu ya utafiti. Mswisi Rudolf Geigy, wa Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Basel, alifika hapa kwa mara ya kwanza mwaka 1949, na miongoni mwa aliyoyachunguza ilikuwa homa ya papasi, ugonjwa unaofungamana moja kwa moja na sakafu ya nyumba. Maabara aliyoianzisha mwaka 1957 ndiyo mzizi wa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Kuhusu mbu, vipimo vilivyofanywa katika kijiji cha Namawala mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilionyesha kwamba mtu mmoja aliweza kung'atwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Hali imepungua sana tangu hapo, lakini mbu aina ya Anopheles funestus, anayependa kuingia ndani na kung'ata usiku wa manane, ndiye anayeeneza sehemu kubwa ya malaria iliyobaki bondeni. Mdudu wa aina hii anaifanya nyumba kuwa suala la tiba.

## Nyumba ya sasa ilikotoka

Anayetaka nyumba ya kudumu huelekeza macho Ulaya, hasa kwenye nyumba kongwe za mawe za wakulima wa Uingereza ambazo zimekaliwa kwa karne kadhaa. Kielelezo hicho kina la kufundisha, mradi tukisome vizuri. Katika vilima vya Cotswolds mkulima alijenga kwa mawe ya chokaa kwa sababu ndiyo yaliyokuwa chini ya shamba lake. Huko Dartmoor alitumia matale kwa sababu hiyohiyo. Kuta zilifikia nusu mita au zaidi kwa unene ili kutunza joto la moto wa kuni dhidi ya baridi. Nyumba ndefu za Dartmoor ziliwaweka watu na ng'ombe chini ya paa moja, ng'ombe wakiwa upande wa mteremko ili uchafu utiririke nje. Na zimedumu kwa sababu zimekarabatiwa kizazi hadi kizazi, nyingi zikilindwa na orodha ya majengo ya urithi iliyowekewa msingi na sheria ya mipango miji ya mwaka 1947. Tukifuata kanuni hiyohiyo bondeni Kilombero, hatufiki kwenye jiwe. Tunafika kwenye mfinyanzi, miti na nyasi, kwa kuwa ndivyo vilivyo karibu, na kwenye ukuta unaopitisha hewa, kwa kuwa hapa adui ni joto.

Wenyeji wa bonde, Wandamba na Wambunga, pamoja na Wapogoro na Wabena waliopakana nao, walijenga hivyo: nguzo zilizochimbiwa ardhini, fito zilizofungwa kwa kamba, udongo uliokandikwa na paa la nyasi. Miji ilipokua, ramani ya nyumba ya Kiswahili ilienea kutoka pwani: mstatili, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, baraza mbele na uani nyuma. Ramani hiyo ingali inaonekana katika mitaa ya zamani ya Ifakara, hata pale kuta zilipobadilishwa.

Majengo ya namna nyingine yaliletwa na utawala na dini. Wajerumani waliweka boma Mahenge, lile lililoshambuliwa na wapiganaji wa Majimaji tarehe 30 Agosti 1905. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi walifika mwaka 1921, na baadaye makanisa, shule na hospitali za misheni zikawa kipimo cha jengo imara machoni pa watu. Majengo hayo yalikuwa na kitu ambacho mkulima hakuwa nacho: taasisi ya kulipia usafirishaji, fundi wa kudumu na bajeti ya ukarabati.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja baada ya Azimio la Arusha la 1967. Operesheni Vijiji, iliyoshika kasi kati ya 1973 na 1976, iliwakusanya watu kwenye vijiji vya kudumu kando ya barabara. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita bondeni kupitia Mang'ula, Ifakara na Mlimba, na vifaa vizito kama saruji na mabati vikapata njia. Mwaka 1971 serikali ilianzisha kitengo cha utafiti wa majengo, ambacho mwaka 2001 kiligeuzwa kuwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Tangu wakati huo mwelekeo umekuwa mmoja: tofali na bati vinapanda, udongo na nyasi vinashuka. Bara zima limefuata njia hiyo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba sehemu ya watu wa Afrika kusini mwa Sahara wanaoishi katika nyumba zilizoboreshwa iliongezeka kutoka asilimia 11 mwaka 2000 hadi asilimia 23 mwaka 2015.

## Msimamo wa kwanza: tubaki na udongo na nyasi

Watetezi wa nyumba ya asili wana hoja nzito. Vifaa vyake havinunuliwi, au hununuliwa kwa fedha kidogo. Familia na majirani huweza kuisimamisha bila fundi wa kulipwa. Nyasi huzuia joto la jua kuliko bati tupu, na ukuta wa udongo huchelewa kupata moto. Sehemu iliyoharibika hukandikwa upya kwa mikono ya mwenye nyumba mwenyewe. Hata ikianguka kwa maji, nguzo na fito nzima hutumika tena, hivyo hasara ya mafuriko inahesabika kwa wiki za kazi. Mwenye nyumba habaki na deni la miaka.

Udhaifu wake nao ni halisi. Udongo mbichi ukikaa ndani ya maji huyeyuka, na nguzo iliyochimbiwa ardhini bila kinga huliwa na mchwa. Paa la nyasi hudai kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na nyasi nzuri za kuezekea zimekuwa adimu kadiri mbuga zinavyogeuzwa mashamba ya mpunga au kulishiwa mifugo. Wanaosema nyumba hii ni ya bure husahau thamani ya siku za kazi, ambazo nyingi hutoka kwa wanawake wanaochota maji na kukandika. Kuna pia hatari ya moto.

Kiafya, jambo zito ni mwanya kati ya ukuta na paa. Uliachwa kwa makusudi ili moshi utoke na hewa iingie, na mbu wa malaria anaupenda kuliko mlango. Sakafu ya udongo yenye nyufa nayo huwahifadhi papasi na viroboto. Kwa hiyo sifa ileile inayoifanya nyumba hii ilalike kwenye joto ndiyo inayoifungulia malaria.

## Msimamo wa pili: tofali la kuchoma na bati

Huu ndio msimamo unaoshinda kwa vitendo. Kiangazi kikiingia, matanuru ya matofali huonekana pembeni mwa vijiji, mara nyingi hatua chache kutoka mahali nyumba itakaposimama. Mkulima hufyatua mwenyewe baada ya mavuno, na mpunga ukiuzwa vizuri hununua bati. Ukuta wa tofali la kuchoma haupendwi na mchwa na hauyeyuki kwa mvua. Bati hukinga maji ya mvua ya kunywa, halishiki moto upesi, na ni akiba: msimu ukiharibika linauzika, na mtu akihama anaondoka nalo. Nyumba ya aina hii pia humpa mwenyewe heshima kijijini, na heshima ni sababu halali ya kujenga.

Gharama zake hazionekani siku ya kuhamia. Kwanza ni kuni. Tanuru moja hula magogo mengi, na magogo hayo hutoka kwenye miombo na miti ya kingo za mito, ileile inayozuia ardhi ya milimani isiteremke bondeni. Baadhi ya wafyatuaji hutumia pumba za mpunga, ambazo bonde hili linazo kwa wingi, lakini bado ni njia ya ziada kuliko kuwa kanuni. Pili ni mashimo. Udongo wa matofali huchimbwa karibu na makazi, shimo hujaa maji ya masika na kuwa mazalia ya mbu nje ya dirisha la nyumba mpya.

Tatu, na ndilo linalosahaulika zaidi, matofali mengi ya vijijini huunganishwa kwa udongo badala ya saruji. Tofali lenyewe huweza kuvumilia mafuriko, lakini kiungo kati ya tofali na tofali huoshwa, na ukuta huanguka kama ule wa fito. Anayeona kifusi cha matofali baada ya maji kupungua anashangaa mbona nyumba imara imeanguka. Jibu liko kwenye kiungo na kwenye msingi.

Nne ni muda. Nyumba ya tofali hujengwa kwa awamu: mwaka huu kuta, mwaka kesho bati, madirisha Mungu akijalia. Familia huhamia kabla ya kumaliza, na kwa miaka kadhaa hulala ndani ya jengo lenye bati tupu lisilo na dari na madirisha yaliyozibwa kwa gunia. Katika kipindi hicho wana joto la nyumba ya kisasa na mbu wa nyumba ya zamani.

## Msimamo wa tatu: saruji na jiwe

Kundi la tatu linasema suluhisho la kweli ni kuacha nusu njia: msingi wa mawe, tofali la saruji, nondo na lenta. Kiufundi wana haki. Ukuta wa saruji uliojengwa vizuri husimama ndani ya maji kwa siku nyingi, na sakafu ya saruji huwanyima papasi maficho. Utafiti uliofanywa Meksiko, ambako serikali ililipia sakafu za saruji katika nyumba zilizokuwa na sakafu za udongo, ulikuta minyoo na kuhara vikipungua kwa kiasi kikubwa miongoni mwa watoto.

Ugumu ni bei na umbali. Jiwe liko pembezoni, kwenye miguu ya Udzungwa na Mahenge. Kulifikisha kijiji cha katikati ya tambarare kunahitaji lori na barabara inayopitika. Saruji husafiri mbali zaidi. Mkulima wa ekari chache za mpunga akijenga nyumba nzima ya saruji anafunga fedha ambazo zingelipia ada, mbegu na matibabu. Vilevile uzito wa jengo juu ya mfinyanzi unadai msingi mrefu, na fundi anayepunguza msingi ili kuokoa mifuko ya saruji huacha nyumba ghali yenye nyufa.

Kati ya tofali la kuchoma na la saruji ipo njia ya tofali la kufungamana, linalohimizwa na Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono na kuanikwa bila kuchomwa. Linaokoa kuni na hupunguza saruji ya kujengea. Lakini linapenda udongo wenye mchanga wa kutosha, na mfinyanzi mtupu wa sehemu za chini haulifai mpaka uchanganywe na mchanga wa mtoni. Pia linahitaji mashine na fundi aliyejifunza, vitu ambavyo kijiji kimoja kimoja hakiwezi kuvimiliki kirahisi.

## Msimamo wa nne: ziba matundu, inua sakafu

Watafiti wa afya wamehamisha mjadala kutoka kwenye kifaa kwenda kwenye umbo. Hoja yao ni rahisi: mbu haulizi ukuta ni wa nini, anauliza wapi pa kupita. Mradi wa vyandarua wa KINET, ulioanza Kilombero na Ulanga katikati ya miaka ya 1990, ulionyesha kwamba chandarua chenye dawa kiliongeza nafasi ya watoto wadogo kuishi kwa asilimia 27. Lakini chandarua kinamlinda aliye kitandani tu, na mbu wamejenga usugu dhidi ya dawa. Ndiyo maana Taasisi ya Afya Ifakara imejaribu njia za kuigeuza nyumba yenyewe kuwa kinga, kama vile utepe wa gunia uliotiwa dawa ya kufukuza mbu na kufungwa kuzunguka nyumba chini ya paa.

Ushahidi wa nje unatia moyo, ingawa haukubaliani wote. Nchini Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kuweka nyavu milangoni na madirishani, au dari ya wavu, kulipunguza upungufu wa damu kwa watoto kwa takriban nusu. Nchini Ivory Coast, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 wa kuweka nyavu pamoja na mirija yenye dawa chini ya paa ulipunguza malaria kwa asilimia 38. Mwaka huohuo, utafiti mwingine wa Gambia ulibadilisha paa za nyasi kuwa bati na kuziba mianya, lakini watoto wa nyumba hizo waliugua malaria sawa na wenzao. Tofauti hiyo inafundisha jambo ambalo kila mkazi wa Ifakara analijua: nyumba ikizibwa bila kupozwa, watu hukaa nje hadi usiku, na mlango huachwa wazi.

Njia ya pili ya kundi hili ni kuinua sehemu ya kulala. Mkoani Tanga, katika kijiji cha Magoda, zilijengwa nyumba 6 za mfano. Mtwara zikafuata nyumba 110 za ghorofa moja, zenye kuta zinazopitisha hewa, nyavu, vyumba vya kulala juu na kinga ya maji ya mvua. Kwa bonde linalofurika, wazo hili lina faida ya ziada, maana kilicho juu hakilowi. Udhaifu wake ni gharama ya awali, mafundi wachache, na mazoea: nyumba inayokaa juu ya nguzo huwakumbusha wengi kibanda cha shambani kuliko nyumba ya heshima.

## Nyumba ya pili isiyohesabiwa

Hapa ndipo mjadala wote unapopwaya. Operesheni Vijiji iliwaweka watu karibu na barabara na huduma, lakini haikuhamisha mashamba. Mashamba mengi ya mpunga yako mbali, kwenye tambarare. Msimu ukianza, familia au sehemu yake huhamia shambani kulima, kupanda, kupalilia na kulinda, na huweza kukaa huko kwa wiki au miezi, watoto wadogo wakiwamo. Wanalala kwenye kibanda cha nyasi, mara nyingine kisicho na kuta kamili, au juu ya dungu, jukwaa la miti linalomwezesha mlinzi kuona ndege, ngedere na nguruwe.

Miezi hiyo ndiyo ya mvua, yaani ndiyo ya mbu wengi. Kituo cha afya kiko mbali na njia imejaa maji. Familia yenye nyumba ya tofali, bati na nyavu kijijini inaweza kuupitisha msimu wa hatari wote nje ya nyumba hiyo. Kwenye takwimu ina makazi bora. Kwenye mwili wa mtoto, kinga hiyo haipo.

Sababu za kutoboresha kibanda cha shambani zinaeleweka. Ardhi huweza kuwa ya kukodi, maji hukisomba, na hakuna anayewekeza kwenye kitu cha msimu. Hata hivyo maboresho yake ni ya bei ndogo: sakafu ya miti iliyoinuliwa kwa mfano wa dungu, nafasi ya kufunga chandarua, utepe wa dawa unaohamishika. Hiki ni kiini cha ujuzi wa ujenzi ambacho wenyeji tayari wanacho, na mradi wa makazi ungeweza kukianzia.

## Mizania

Misimamo yote minne ikiwekwa pamoja, inaonekana kwamba kila mmoja hutatua dai moja la bonde kwa kuongeza jingine. Nyasi hutatua joto na kuingiza mbu. Tofali la kuchoma hutatua mvua na mchwa, na kukata miti. Saruji hutatua maji na kumaliza fedha. Kuziba matundu hutatua mbu na kuzidisha joto. Anayetafuta kifaa kimoja cha kutatua yote hatakipata. Anayeweza kupanga vipaumbele atapata nyumba nzuri kwa fedha alizonazo.

Mpangilio unaoelekea kuwa na mantiki bondeni huanza na mahali: kiwanja kilichoinuka kuliko njia ya maji kina thamani kuliko aina yoyote ya ukuta. Unafuata msingi, ambapo jiwe linastahili nafasi yake halisi. Mawe ya kujengea nyumba nzima hayabebeki, lakini lori moja la kuinulia ukuta juu ya unyevu linaweza kuufanya hata udongo uliokandikwa ukae miaka mingi. Kisha sakafu ya saruji, ambayo ni sehemu ndogo ya gharama na faida yake kwa afya ni kubwa. Baadaye paa na matundu kwa pamoja: bati likiwekwa, dari na madirisha makubwa yenye nyavu vihesabiwe kuwa sehemu ya paa, visiachwe kuwa mapambo ya baadaye. Nyasi zikitandazwa juu ya bati hupunguza joto, kwa wanaoweza kuzipata. Ukuta huja mwisho, na hapo mkulima achague kati ya udongo, tofali la kufungamana au la kuchoma kwa pumba, kulingana na udongo wake na mfuko wake.

Jibu pia halilingani kila mahali. Mjini Ifakara, ambako viwanja ni vidogo na Mto Lumemo unapita jirani, tofali lililounganishwa kwa saruji na mifereji ya mtaa ni vya lazima, na mifereji hiyo si kazi ya mwenye nyumba mmoja. Katika vijiji vya miguuni mwa Udzungwa, mawe yako karibu na kuni ndizo zinazostahili kulindwa. Kwenye tambarare, kibanda kilichoinuliwa kina maana kuliko nyumba nzito.

Swali la urithi nalo linastahili kutajwa kwa kifupi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na nyumba ya fito na udongo haiwezi kufikia umri huo. Kwa hiyo kinachoweza kuhifadhiwa Kilombero ni ujuzi: kuchagua mti usioliwa na mchwa, kukandika, kuezeka, kusimamisha dungu. Ujuzi huo ukipotea kwa kuonekana wa kimaskini, bonde litabaki na mafundi wa aina moja ya nyumba ambayo wengi hawamudu kuimaliza.

## Hitimisho

Mkanganyiko kuhusu nyumba ya mkulima wa Kilombero umetokana na kuipima kwa ukuta na paa, huku madai ya bonde yakiwa maji, ardhi, joto na wadudu. Nyumba ya udongo na nyasi ni nafuu na baridi, lakini iko wazi kwa mbu na maji. Ya tofali na bati inadumu zaidi, ila inakula misitu na hukaliwa kabla ya kukamilika. Ya saruji ni imara, lakini haifikiki kwa wengi. Ya kuziba na kuinua ina ushahidi mzuri, pale tu inapozingatia hewa na mazoea ya watu.

Kwa mkulima, fedha za kwanza ziende kwenye kiwanja, msingi, sakafu na nyavu. Kwa halmashauri za Ifakara, Mlimba, Ulanga na Malinyi, ramani za viwanja visivyofurika, mashine za pamoja za matofali yasiyochomwa na mafunzo ya mafundi zitaokoa nyumba nyingi kuliko wito wa jumla wa kuacha udongo. Na mpango wowote wa makazi utakaoendelea kuhesabu nyumba ya kijijini peke yake utakuwa umeacha nje nyumba ambamo familia nyingi za bonde hulala msimu ulio na hatari zaidi.